Mto Uliokuja na Jua

Nikisikia harufu ya tope na huku jua linawaka, siwezi kukaa. Watoto wangu wananicheka: "Mama, mvua iko wapi?" Mvua iko Mau, kule milimani. Mji wetu mdogo uko chini, vumbi jeupe mpaka kwa ugali, na mto wenyewe mara nyingi ni mchanga mkavu. Kukinyesha juu, maji yanatushukia sisi.

Nilipokuwa mtoto, siku moja tulikuwa tunapalilia pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kwa shamba la mzungu. Wamama walizoea kulaza watoto kwa mchanga wa mto, kwa sababu una baridi. Siku hiyo alilala dada yangu mdogo peke yake. Mama akanusa hewa, akatupa jembe.

"Nyapara, nachukua mtoto. Mto unakuja."

"Unakuja na gari moshi?" Nyapara akamzuia na fimbo. "Jua hili lote, unaota mvua? Maliza mstari wako!"

Mzungu alikuwa hapo juu ya farasi, anasikia. Akageuza farasi, akaenda zake.

Mama alipiga magoti. Alikuwa bado anamwomba nyapara tuliposikia ngurumo ya maji. Tulipofika hapakuwa na mchanga tena, ni maji mekundu tu.

Watu husema mto ulimbeba dada yangu. Mimi nilikuwa hapo. Ni nyapara, na yule wa farasi. Nyapara yuko hai, Jumapili anakaa benchi ya mbele kanisani.

Leo harufu imekuja. Nimeacha sufuria jikoni, nimevuta watoto mpaka mlimani, majirani wanacheka. Nimewahesabu. Nawahesabu tena.