Tisa Ilipomwacha Bi Tisa Apotee

Mama mdogo wangu hakumaliza shule, lakini mtajie namba yoyote, atakwambia papo hapo kama inagawanyika kwa tisa. Gari likipita, macho yako kwenye namba zake.

"Mia saba ishirini na tisa. Saba na mbili tisa, ongeza tisa, kumi na nane. Hiyo inaingia bila kubakiza kitu."

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bi Tisa.

Ujuzi huo ulitoka kwa marehemu mumewe, fundi vigae. Walipokuwa wachumba, mama mdogo alikuwa tayari anafuma, na alikuwa anateseka. Pambo analolipenda ni jani, na kila jani linakula vitanzi tisa vya uzi. Ukianza na vitanzi vilivyozidi hata viwili, jani la mwisho linakatika ukingoni kama limetafunwa na mbuzi. Basi ilimbidi agawanye kwanza, ile njia ndefu ya kushusha hiki na kutoa kile, jasho likimtoka. Fundi akamwonea huruma. Akachuchumaa, akaandika sakafuni kwa chaki: 387.

"Zijumlishe zenyewe. Tatu, nane, saba."

"Kumi na nane."

"Kumi na nane inaingia kwa tisa, basi na baba yake, hiyo mia tatu themanini na saba, anaingia. Katika kila mia, tisa zinakula tisini na tisa, inabaki moja. Katika kila kumi inabaki moja vilevile. Unachojumlisha ni mabaki. Ya tatu nayo ndiyo hiyohiyo. Ya tano tazama mkia tu, sifuri au tano."

Mama mdogo husema siku hiyo ndipo alipokubali posa. "Mwanamume aliyekupumzisha kugawanya, unamwachia nani?"

Sasa sikilizeni yaliyompata.

Kitindamimba wake alichumbiwa na fundi friji. Baba wa binti hakuwepo tena wa kumwekea vigae nyumbani kwake, kwa hiyo mama akaapa: kitanda cha maharusi kitafunikwa kwa blanketi la mikono yangu, majani mwanzo mwisho. Binti akapima kitanda, akapiga hesabu ya vitanzi, akamtajia mama. Mama akajumlisha tarakimu, zikampa tisa. Akacheka, akaanza kufuma.

Anafumia sindano mbili zilizounganishwa kwa waya mrefu. Kazi yote hukunjamana kwenye waya huo kama nguo kwenye kamba fupi, upana wake huujui mpaka uitoe. Yeye alichoona ni majani yanatoka mazima, kushoto mpaka kulia. Tena alijisifu, "Safari hii mkono umekuwa mwepesi, hata sijui kwa nini!"

Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi, akafunga kitanzi cha mwisho. Tukalibeba hadi chumbani kwake, kitanda cha maharusi kilikokuwa kikisubiri kuhamishwa, yeye mbele, binti nyuma, mimi nikishika pembe lisiburuzike. Tukalitandaza.

Upande wa ukutani lilifika. Upande wa huku lilikoma mapema, na godoro likabaki wazi zaidi ya futi nzima.

"Mama," binti akanong'ona, "mbona godoro linachungulia?"

Mama mdogo akalivuta. Likaja huku, likaacha kule. Macho yalimtoka, akakaa chini puu, palepale kwenye vigae vya mumewe.

"Ulianza na vitanzi vingapi?"

"Ulivyonitajia. Mia tatu arobaini na mbili."

"Mimi nilikwambia mia nne thelathini na mbili!"

Nikaona midomo yake ikihesabu. Tatu, nne, mbili: tisa. Nne, tatu, mbili: tisa. Akarudia. Mkono ukampanda kifuani.

"Zote zinapita," alisema. "Yaani tisa imeniona napotea, ikanyamaza? Miaka yote hii! Baba yako alinidanganya."

Hilo ndilo lililotutisha. Blanketi lingefumuliwa tu. Lakini yule mtu alikuwa hajawahi kumsema vibaya mumewe, hai wala maiti.

Binti akapiga magoti kando yake. "Mama, ulimuuliza baba kama majani yatatimia. Yametimia. Hukumuuliza kama blanketi litaenea kitanda."

Binti akatoa hesabu kwa vidole. "Pengo letu ni vitanzi tisini."

"Tisa na sifuri," mama akasema, kwa mazoea tu. Halafu akanyanyua uso taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye nyumba tupu. "Tisa. We! Ni majani kumi. Majani kumi kamili!"

Akapigwa na butwaa upya, sasa mkono uko mdomoni. Baadaye nilijaribu mwenyewe: zipindue tarakimu za namba yoyote unavyotaka, toa ndogo kwenye kubwa, kinachobaki kinaingia kwa tisa.

"Hutafumua jani hata moja, mama," binti akasema. "Ongeza ubavu wa majani kumi tu."

Alianza saa ileile. Binti alimhesabia vitanzi tisini kimojakimoja kwa sauti, na mama alijumlisha vilevile, kwa heshima ya marehemu.

Jumamosi ilifika ubavu haujakamilika. Waliushona kuanzia miguuni, ukaishia magotini. Bi Tisa alimkabidhi mkwewe blanketi akiwa ameinamisha uso.

"Usijali, mama," fundi friji akasema. "Baridi ndiyo kazi yangu."

Tangu hapo, kila Jumapili maharusi huja na blanketi begani, naye huendelea alipoishia. Mkwe hutoa taarifa mlangoni hata kabla ya salamu. Mwezi jana ilikuwa, "Mama, tumefika kiunoni!" Juzi niliwakuta, mama mdogo kanyoosha kamba ya kupimia juu ya blanketi lililotandazwa kitandani kwake, anapima alichojumlisha.

"Wapi leo?" nikauliza.

"Begani," akajibu mkwe. "Na nimeanza kutokwa jasho."