Karanga za Mbegu

Wiki hii mwalimu wa fasihi ametufundisha jinsi zilivyoanza zile hadithi za chumba kilichofungwa: mtu kakutwa ameuawa, mlango umekomewa kwa ndani, muuaji hayupo. Watunzi wa mwanzo, alisema, walisingizia mizimu. Wengine wakaweka mlango wa siri ukutani, wasomaji wakanuna kwamba wamechezewa. Ndipo watunzi wakajifunza kuliacha jibu mbele ya macho yetu. Labda aliyeingia wa kwanza baada ya mlango kuvunjwa ndiye aliyeua, wenzake wakiwa bado nyuma yake. "Nyie msimtafute aliyepita mlangoni," alisema. "Mtafuteni anayefurahi kwamba mlango umefungwa."

Darasa likacheka. Mimi nikainamia daftari.

Nilikuwa na miaka saba, kwa bibi, Mwamkulu. Kihenge chake kilisimama juu ya nguzo, kimesukwa kwa fito na kukandikwa udongo, kina kimlango cha bati na kufuli. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga. Ndani mlikuwa na karanga za mbegu, na hizo haziguswi. "Anayekula mbegu amekula ya mwakani," alikuwa akisema.

Kazi zangu zilikuwa kuokota mayai chini ya kihenge na kuziba nyufa kwa tope. Huko nilikuwa naingia kwa tumbo, kuna joto na harufu ya kuku. Siku moja nikatoboa sakafu ya kihenge kwa mpini wa kijiko. Karanga ikadondoka, nyingine ikafuata. Nikala, nikaziba, na bibi akanisifu kwamba najua kukandika. Basi nikazoea.

Mvua za kwanza ziliponyesha, bibi alifungua kihenge akakuta mbegu nusu. Kufuli zima, paa zima. "Hapa hakupita mtu," alisema taratibu.

Na pasipopita mtu, kwetu anatafutwa mchawi. Macho yakaenda kwa jirani, mama mjane aliyehamia kutoka makazi ya wakimbizi ya Mishamo, ambaye alikuwa akiniita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kirundi. Kisimani wanawake wakaacha kumtwisha ndoo. "Anayepita kwenye kufuli atashindwa kujitwisha?" mmoja akamtupia. Nilikuwa nimesimama palepale na kidumu changu. Nikakijaza, nikaondoka.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja alikuja kuaga, godoro na sufuria zimefungwa kwenye baiskeli. Bibi hakutoka nje. Yule mama akanishika mkono, akatazama tope kavu kwenye kucha zangu. Kisha akainama, akatazama chini ya kihenge, kwenye kiraka chenye alama za vidole vidogo. Akanimiminia maji ya safari yake.

"Nawa, mwana wanje. Bibi yako asikuone hivi."

Likizo iliyopita nilirudi. Kihenge hakipo, mazao siku hizi yanakaa kwenye magunia ndani. Kwa jirani yamebaki mafiga matatu katikati ya mahindi. Bibi bado anawasimulia wajukuu wadogo habari za mchawi aliyepita kwenye kufuli, nao wanamtolea macho. Nilikaa nao, nikasikiliza mpaka mwisho, vidole nimevificha.