Meseji Zangu Ndani ya Tableti ya Kanisa

"Jino limepoa?"

Hivyo ndivyo mume wangu alivyonisalimia kwenye lango la nyumba niliyokuwa nafanya kazi, kule Loresho. Hakupiga kelele. Alisimama nje ya vyuma, kofia mkononi kama mgeni wa heshima, akaniuliza habari ya jino. Nilikuwa natoka kufua nguo, mikono bado ina povu. Nikasimama hapo hapo. Si kwa ajili ya uso wake, uso ule nimeuzoea. Ni kwa ajili ya jino. Habari ya jino nilikuwa nimemwandikia dada yangu peke yake, kwa meseji, na hakuna mtu mwingine aliyejua hata ninalala wapi.

"Na hicho kichumba wamekupa, bado kinavuja?" akaendelea.

Askari wa lango akanitazama. "Mathe, nimfungulie?"

"Ukimfungulia, utanizika wewe."

Akakaza komeo. Mume wangu akacheka kidogo, akavaa kofia. "Nitarudi. Njia sasa naijua."

Mwenye nyumba alikuwa ameona yote dirishani. Akaniambia hana neno na mimi, lakini hataki vita kwa gate yake. Basi kazi ikaisha hivyo, nikafungasha.

Watu wakisikia mpaka hapo, wote wananiambia ni dada yako amekuuza. Hata mimi nilimpigia nikamuuliza. Akanijibu, "Ningetaka kukuuza, si ningekuuza ukiwa bado na meno yote?" Huyo ndiye dada yangu. Akapanda gari akaja tukakutana Westlands, kwenye kibanda cha chai nyuma ya maghorofa. Hakunisalimia. Alinyoosha mkono tu. "Leta hiyo simu."

Lakini lazima nirudi nyuma, ndiyo mjue alichokuwa anatafuta.

Kule Riruta, nilikokuwa naishi na mume wangu, nilikuwa katibu wa akina mama wa kanisa letu. Shule niliachia darasa la sita, lakini mwandiko wangu ni mzuri, na matangazo yote yalikuwa yanatoka kwa namba yangu: nani amejifungua, nani amefiwa, ibada ya nyumbani ni kwa nani. Kikundi kikanunua tableti. Mwenyekiti wetu akasema matangazo yaonekane humo pia, ili nikikosekana mtu mwingine asome. Mimi naye tukaenda town, kwa fundi wa simu kwenye yale maduka ya kubanana juu ya ghorofa. Fundi akaishika simu yangu mbele ya tableti, simu ikapiga picha ya kale kamraba kenye madoadoa, akaturudishia.

"Sasa ziko pamoja. Ikiingia huku, inaingia pale."

"Na nikitaka zitengane?"

"Kwa nini utake zitengane, mathe?"

Mwenyekiti akacheka, nami nikacheka. Hakuna aliyetuambia kwamba haziingii za kikundi tu. Zinaingia zote. Za dada, za daktari, zote.

Baadaye mume wangu alinipiga mpaka sikio la kushoto likafa. Nikaondoka mchana akiwa kazini. Kabla ya kuondoka niliifuta kwa kitambaa ile tableti, maana ilikuwa inakaa kwangu, nikampelekea mwenyekiti mkononi, sikutaka mtu aseme nimeiba mali ya kanisa. Kwetu mke haondoki hivi hivi. Lazima kwanza akalishwe mbele ya wazee wa kanisa, aulizwe alikosea wapi. Mimi sikukaa. Kwa hivyo kesi yangu ilibaki wazi, na nikasikia mzee wa kanisa anayeshughulikia ndoa ameichukua tableti kwa mwenyekiti, ati aitunze mpaka katibu mpya apatikane.

Sasa pale kibandani dada yangu alifungua simu, akabonyeza hapa na pale, akanigeuzia kioo. Kulikuwa na mahali panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa na namba yangu. Kilikuwa kimoja. Tableti. Chini yake imeandikwa kwamba imetumika leo.

"Niiondoe?" dada akauliza. Kidole kilikuwa tayari.

"Ngoja."

Niliandika meseji nikajitumia mwenyewe, maana nilijua itatokea kule pia. Niliandika: Mzee, najua ni wewe unasoma. Nipigie.

Chai ilikuwa haijapoa. Simu ikalia.

"Mama, Bwana asifiwe."

"Asifiwe, mzee. Umesoma simu yangu tangu lini?"

"Mimi sijagusa simu yako, mama. Hii ni tableti ya kanisa."

"Na jino langu ni la kanisa?"

Akakohoa. Akaniambia kwa sauti ya upole, ile ya kuombea wagonjwa, kwamba walikuwa wanajaribu kuokoa nyumba yangu. Kwamba alimsomea mume wangu meseji chache tu, ili ajue nilipo aende akaombe msamaha.

"Aliuomba?"

Akaanza kunieleza habari ya subira.

"Mzee, nimekuuliza. Alipofika kwa lango, aliomba msamaha?"

"Mama, mambo ya ndoa hayazungumzwi kwa simu."

"Lakini yanasomwa kwa tableti."

Dada yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, sijui ni kicheko au ni kilio. Mzee akakata. Nikabonyeza mwenyewe jina la ile tableti pale kwenye simu, ikaondoka. Nimebadilisha namba ya siri, na kila asubuhi kabla sijavaa kiatu naangalia kama kuna kitu kimeunganishwa. Nimepata kazi nyingine. Ni wapi, si dada tu anajua. Wanawake ninaofanya kazi nao wanajua, na askari wa hapo amepewa picha ya mume wangu. Sijifichi tena kama mwizi.

Fundi sina haja naye sana, ingawa swali langu alilijibu kwa swali. Mwenyekiti namtaja kwa sababu aliitoa tableti kwa mkono wake akijua namba yangu bado imo ndani. Mume wangu ana kesi yake polisi, na safari hii nimeandikisha, hata walipojaribu kunirudisha nyumbani tukasikilizane.

Lakini wewe mzee hakuna anayekuuliza. Bado unasimama mbele kila Jumapili na kutuombea familia. Mimi nakuuliza, na nataka unijibu mbele ya watu wale wale, si faraghani: ulisoma meseji zangu ngapi, ulimsomea zipi, na ulipomwona anatoka kwako kwenda Loresho, ulifikiri anaenda kunifanya nini?