Nguzo za Mama Mkorogo

Kazini walimwita Mama Mkorogo, ingawa tangu azaliwe hajapaka usoni kitu zaidi ya mafuta ya mgando. Yeye alikoroga ardhi. Alikaa kwenye mashine yenye mtaimbo mrefu na mapanga ya chuma kwenye ncha, akauzamisha kwenye tope, akamimina uji wa saruji huku akikoroga kwenda chini na kurudi juu, mpaka mahali pa udongo teketeke pakabaki nguzo. Aliipenda kazi hiyo kufa mtu.

Kiwanja kimoja kilikuwa kichefuchefu. Zamani palikuwa gereji, na mafuta machafu yalimwagwa hapo hadi ardhi ikalewa. Hapohapo ndipo baba yake, fundi mwashi mwenye jina lake, alipojenga kuta za wodi ya wazazi, na ukuta mmoja ukazama kabla haujaonja bati. Kosa halikuwa lake, alionyeshwa kiwanja akaambiwa jenga. Lakini midomo ya watu haina breki: wakambatiza Fundi Nyambizi. Mzee akaacha ujenzi. Akawa anashinda kibarazani akitengeneza viti ambavyo havikuwa vimeharibika, na binti yake kila akimwona hivyo alisikia uchungu.

Alipopewa kazi ya kukoroga kiwanja kilekile ili wodi ijengwe upya, alitaka mtu mmoja tu wa kupandisha kuta.

"Mwanangu, pale siweki hata tofali la kukalia," mzee alisema. "Saruji kwenye tope si ndiyo kuitupa hiyo?"

"Njoo siku ya kuzifukua nguzo tuzikague, baba. Ikiwa mbovu sikusumbui tena maisha yangu yote."

"Nitakuja kukupa pole."

Nguzo ziliachwa zikomae, kisha siku ikafika. Mama Mkorogo hakuweza hata kumaliza chai. Wachimbaji walianza kando ya nguzo iliyokuwa palepale ukuta ulipozama. Mzee alikuja kweli, akasimama mbali, mikono nyuma, kama mpita njia.

Chepe la kwanza liligusa kichwa cha nguzo, kikamong'onyoka. Mzee akageuka kuondoka. Mama Mkorogo alijua fika kwamba sehemu ya juu kabisa haishiki vizuri, ndiyo maana hukatwa.

"Baba, subiri," akasema. "Chimbeni chini zaidi."

Wakachimba. Chepe likagonga, ko! Mchimbaji akajaribu tena kwa nguvu zake zote, likadunda, akalitupa huku akicheka. Wakakisafisha kile kichwa kibovu, wakaifukua upande mzima: nguzo ya kijivu, ngumu, isiyo na bonge hata moja la tope, na ule uvundo wa mafuta umefungiwa humohumo. Mama Mkorogo alipiga kelele ya furaha, akajiziba mdomo.

Mzee alishuka shimoni bila kumwomba mtu ruhusa. Akaikwaruza kwa ukucha, akanusa kidole. Akaomba nyundo, akagonga, akazunguka, akagonga chini zaidi, akiitafuta kasoro kwa bidii ya mtu anayeogopa kufurahi mapema. Mhandisi aliyesimamia kazi alitaka kumwambia kitu, Mama Mkorogo akamfanyia ishara amwache.

"Zote ziko hivi?" mzee akauliza.

"Zote, baba. Kiwanja kizima, zimegusana."

"Na umekoroga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akapanda juu ya kile kichwa kilichosafishwa, mzee mzima na mvi zake, akaruka. Akaruka tena. Wachimbaji wakaangua kicheko, naye akacheka nao, machozi yakimtiririka wala hakuyafuta.

"Nani ana kamba?" akauliza. "Tunapima ukuta leo hiihii. Mwanangu, shika ncha ile."

Aliishika. Alikuwa akimtazama baba yake badala ya kamba, hata mzee akalazimika kumwambia mara mbili akaze.