Siku Mama Alipochinja Kuku Wote

Juzi hapa Tunduma nilimkuta mpangaji mwenzangu akichinja kuku wake wote kwa mkupuo, kwa sababu anahama. Harufu ya manyoya kwenye maji ya moto ilinifanya niketi chini.

Mama yangu alifanya hivyo mchana mmoja, tulipokuwa tukiishi na ng'ombe wetu upande wa Ndalambo. Nilikuwa mdogo, na kuku wengi namna ile nilikuwa nimewaona kwenye harusi tu.

"Mama, nani anaolewa?"

"Nyonyoa, mwanangu. Usiniulize."

Ng'ambo ya bonde, kwa baba mdogo, moshi mweusi ulikuwa ukipanda. Nikadhani na wao wanapika, nikafurahi kwamba sherehe ni kubwa. Leo najua lilikuwa zizi lake likiungua, na ugomvi wa mashamba na malisho ulikuwa unakuja kwetu. Mbwa walibweka wakiutazama ule moshi. Kaka yangu hakugusa nyama.

"Kuleni mmalize," baba alisema. "Mna safari ndefu. Mimi nitawafuata na ng'ombe."

Tulitembea hadi barabarani, tukapata lori, tukapanga chumba kimoja Tunduma katikati ya watu ambao nao walikuwa wametoka kwao ghafla.

Baba alifika baada ya wiki mbili, akiwa na fimbo tu mkononi. Alikaa mlangoni akitazama malori yakipita.

"Baba, ng'ombe wamebaki wapi?" nikauliza.

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja chake, naye baba akaendelea kuyatazama malori.