Kadi zangu za Mashoto nimeingia nazo kwa mume, na sizitoi

Wakuu, salamu kwenu wote, wa bara na wa visiwani, na sisi wenzenu wa huku Maskati tunaokaangwa na jua.

Ninayoandika yamenipata mwenyewe. Si chai. Mwenye kiu ya chai nyuzi ziko tele humu, hii aipite.

Mimi ni mwanamke. Nimezaliwa huku, wazee wangu wametoka Unguja. Nimekulia Ruwi, kazini kwangu ni Khuwair, na mwaka jana niliolewa nikahamia Al Amerat, kwa wakwe.

Na nina kadi za mpira. Zile zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za bablishi, tukizinunua dukani chini ya fleti yetu. Zote za mchezaji mmoja tu.

Nitamwita Mashoto, maana nikitaja jina lake nusu yenu mtaanza ubishi wa timu. Winga wa kushoto. Amestaafu zamani, nasikia siku hizi ana shamba lake la mitende na hataki makuu.

Zipo nyingi, lakini nne ndizo roho yangu.

Ya kwanza ni ya msimu wake wa mwanzo, kakonda, jezi imemmeza. Ya pili ana bandeji kichwani na bado anacheka. Ya tatu niliinunua kwa mtu, aliisaini mwenyewe, kalamu ikavuja wino mpaka begani.

Ya nne ndiyo naipenda kuliko zote. Waliochapisha waligeuza picha, kwa hiyo Mashoto anaonekana anapiga mpira kwa mguu wa kulia. Huo mguu wa kulia, wakuu, alikuwa anausimamia tu. Kila nikiitazama nacheka peke yangu.

Sasa turudi kwenye harusi.

Kwetu bi harusi akihamia, wanawake wa upande wa mume ndio wanaofungua mabegi yake. Wanatundika nguo, wanazifukiza udi, na hapo hapo wanatazama alichokuja nacho. Hakuna anayesema wanakagua, lakini wanakagua.

Kadi zangu nilizitia kwenye kopo la halua. Hilo ndilo lililoniponza, maana wengi huku dhahabu zao huzificha humo humo.

Shangazi yake mume wangu, Bi Moza, akalinyanyua akalitikisa. Likalia. Akatabasamu, akalifungua mbele ya wote.

Wanaume. Tena wa kaptula.

Yaani alikuwa mmoja, lakini kwa Bi Moza kila kadi ilikuwa mwanamme mpya.

"Bi harusi, huyu nani wako?"

"Mchezaji mpira, Shangazi."

"Nnaona kuwa mchezaji. Nnauliza nani wako."

Nikamwambia si mtu wangu, nampenda kwa mpira wake. Neno "nampenda" ndilo walilolisikia, la mpira likapotea.

Hapa nikae pembeni kidogo. Chumba hicho hicho, ukutani, mume wangu alikuwa na picha ya mshambuliaji wa Ulaya, ndefu kama mlango, kifua wazi. Hakuna aliyeitolea macho. Mwanamme akiwa na picha ya mchezaji ni shabiki. Mwanamke akiwa na kadi, nyumba nzima inauliza ametoka nayo wapi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kabla ya Alasiri habari zilishavuka milima zikafika Ruwi. Mama yangu akapiga simu.

"Sema za Khamis."

Khamis ni kaka yangu. Kona na penalti kwake ni kitu kimoja, yeye ni wa magari tu.

"Si zake, Mama."

"Najua. We sema zake, kazisahau kwenye begi lako, yaishe. Wiki ya kwanza hii, utatutia aibu."

Mume wangu Nassor akaja na lile lile. Na huyu alikuwa anajua kila kitu! Wakati wa uchumba tulikuwa tukimzungumzia Mashoto mpaka simu inazima chaji.

Nikamwuliza, "Ukiniona namdanganya mama yako wiki ya kwanza, wewe mwenyewe utaniamini lini?"

Akasema mimi mkaidi. Nikamwambia ndiyo.

Jioni tukaitwa sebuleni. Tende, kahawa, Bi Moza, na mama mkwe wangu, Bi Zuhura, mtu wa maneno machache. Kopo liko mezani. Sitawadanganya, nilijua ninaweza kurudishwa Ruwi na mabegi yangu.

Kabla sijafungua mdomo Nassor akawahi. "Mama, hizo za kaka yake Khamis. Kazisahau tu."

Bi Moza akashusha pumzi. Kila mtu alikuwa tayari kuamini. Nilichotakiwa ni kunyamaza.

"Si za Khamis," nikasema. "Ni zangu, Mama. Nnazikusanya tangu mdogo. Huyo mtu simjui wala hanijui. Sizitupi."

Bi Zuhura hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Nassor akainamisha kichwa.

"Basi alonidanganya humu ndani ni wewe."

Akalisukuma kopo upande wangu. "Kaziweke kabatini mwako. Chumba cha kusalia nsizione."

Khalas. Msidhani alinikumbatia. Kwa muda mrefu ilikuwa naitikiwa salamu tu, na kahawa nikimpelekea anapokea bila neno. Nilikuwa nalia bafuni, nakiri. Lakini kadi zilibaki kabatini.

Halafu Idi ikaja, wageni wakajaa. Mmoja akauliza habari za zile picha, maana zilishasambaa ukoo mzima. Bi Moza akawahi kusitiri aibu: "Aa, zile za kaka'ke tu, kazisahau."

Nilikuwa mlangoni na sinia. Nikafungua mdomo nibishe, lakini Bi Zuhura alinitangulia.

"Si za kaka'ke. Za mkaza mwanangu. Mie nlimuuliza, kanambia kweli."

Akaendelea kumenya chungwa lake. Mimi nikarudi jikoni, sinia nikaliweka chini, nikasimama tu.

Nilichojifunza, wakuu: uongo wa kuleta amani utaulisha maisha yako yote, na siku ukichoka kuulisha ndiyo siku unayoumbuka. Dada zangu, kitu chako kiite chako mapema, hata sauti ikitetemeka.

Najua wapo watakaosema mke hana haja ya picha za mwanamme mwingine. Uwanja ni wenu, mwageni povu, nitasoma yote na sitajibu tusi.

Ila mwenye kadi ya Mashoto ya msimu ule alioumia goti, hiyo sina. Njoo PM.