Nilifukuzwa kwa sababu ya gunia: vile nilinunua paka wa Siam pale Elmenteita

Wakuu, wazee kwa vijana, pokeeni salamu zangu kutoka Kiamunyi.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Shule niliishia standard two, kwa hivyo mwenye anatafuta makosa ya spelling aende thread ingine. Uongo ndio hamtapata hapa.

Nimeona kijana mmoja humu analalamika eti breeder wa paka alimuuliza maswali kama CID, akakasirika, akaenda kununua kwa mtu wa barabarani. Kijana, ulikosea. Kaa chini nikuambie yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwisho mwisho. Nilikuwa nimeacha kazi ya machimbo Kariandusi, kule tulikuwa tunachimba ule udongo mweupe mpaka jioni mtu akirudi nyumbani mbwa wake anambwekea. Nikafungua kinu cha posho upande wa Elmenteita. Mimi, mtu nilitoka Maragoli kwa miguu! Watu wakaniita Bwana Posho, na nilikuwa naitika.

Tulikaa chumba cha nyuma ya kinu: mimi, bibi yangu Rasoa, na mtoto wetu wa kwanza, Jerida.

Sasa, penye unga pana panya. Wale wa kwangu hawakuwa wanakimbia mtu. Walikuwa wanakupisha tu, kama mnakutana njiani.

Asubuhi moja Rasoa alikuta kidole cha Jerida kina damu. Panya. Mtoto wa miezi saba.

Rasoa hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alifunga nguo kwa leso, akabeba mtoto mgongoni, akaniambia, "Baba Jerida, chagua. Hii nyumba ni ya panya ama ni ya mtoto. Ukishajua, niko kwa baba, Njoro."

Nikaweka sumu. Wakafa kumi, wakaja ishirini kwa matanga. Nikaokota paka wa sokoni, akanywa maziwa yangu siku mbili, akarudi sokoni.

Kulikuwa na memsahib mmoja, mama wa Kizungu, mjane mwenye shamba karibu na ziwa. Nilikuwa napeleka unga wa wafanyikazi wake. Kwa stoo yake haungeona hata mavi moja ya panya. Mpishi wake, Mzee Nyamweya, akanionyesha sababu: paka wa rangi ya chai ya maziwa, uso mweusi kama amechungulia kwa sufuria, macho ya bluu.

"Hawa ni wa Siam," akasema. "Wana karatasi. Baba, babu, mpaka baba ya babu, wote wameandikwa."

Nilicheka sana. Mimi natembea na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kumbe na paka naye ana kipande! Tena chake kina majina mazuri kuliko changu.

Hapo nikaamua. Mimi sikununua kinu kibovu, na paka wa ovyo sitanunua.

Jumapili nikavaa koti, nikaenda. Memsahib alikuwa veranda. Nikamwambia nataka mtoto wa paka, na pesa ninayo. Akaanza vizuri tu. Halafu akaona nimebeba kitu kwapani.

"Ile gunia ya nini?"

"Ya paka, memsahib."

Uso ukawa mwekundu kama nyanya. "Toka! Toka shamba yangu sasa hivi! Wewe iko mtu mbaya!"

Wakuu, nilishika njia. Sikujua kosa langu. Sisi kwetu, ukihamisha paka unamtia kwa gunia, unamzungusha mara mbili tatu, ndio asijue njia ya kurudi. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Paka asiyetiwa guniani hakai.

Nyamweya akanifuata mpaka kwa geti, anacheka mpaka anashika tumbo.

"Wewe Mluhya utaniua! Kwao paka akiingia kwa gunia, anapelekwa kutupwa mtoni. Amedhani umekuja kununua ukamzamishe."

"Nani ananunua kitu akazamishe?"

"Na mimi nimuulize? Rudi na kikapu, bwana."

Nilikaa wiki nzima nimenuna. Mimi ni mtu wa kiburi, nilikuwa na bado niko. Kurudi mahali umefukuzwa kama mwizi si rahisi. Lakini kitanda chetu na Rasoa kilikuwa bado kipya, na nilikuwa nalala peke yangu nikisikiliza panya.

Nikarudi na kikapu, ndani nimetandika sweta yangu. Nikamweleza memsahib mambo ya gunia, mwanzo mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Nazungusha mara ngapi?" Nikasema tatu. Akacheka mpaka akatoa miwani.

Nikadhani biashara imeisha. Wapi! Ndio ilikuwa inaanza.

Nyumba yako iko wapi? Nani nalala ndani? Yeye nakula nini? Wewe nasafiri, nani naangalia? Paka nakuwa mgonjwa, wewe nafanya nini? Nilijibu nikitoa jasho. Hata baba ya Rasoa hakuniuliza hivyo wakati wa mahari.

Mwisho akasema, "Mimi nataka ona nyumba." Akaja na gari yake kweli, kinu kizima kinaangalia. Akaingia chumbani, akapiga magoti kwa sakafu na gauni lake, akachungulia chini ya kitanda. Akatoa kile kisahani changu cha sumu.

"Hii naua paka," akasema. Akaangalia leso moja ya mtoto ilikuwa imebaki kwa msumari. "Na toto yako nakuja tambaa hapa?"

Nilikuwa nimeweka sumu mahali Jerida angetambaa. Mimi, mwenye kusema nalinda nyumba. Bibi yangu alikuwa ameondoka kwa sababu ya panya, na hakujua ningemngojea na kitu kibaya kuliko panya.

Akanipa masharti. Sumu itoke. Mashimo yazibwe kwa mawe na simiti. Magunia ya unga yainuliwe juu ya mbao. Nikishindwa na paka, nimrudishe kwake, nisimtupe. Na nisubiri, maana kitoto hakijamaliza kunyonya vizuri.

Nilisubiri zaidi ya mwezi. Nikaziba kila shimo. Nitasema ukweli: panya nusu waliisha kwa simiti kabla paka hajafika. Nusu ingine ilibaki na kiburi.

Siku ya siku nikalipa, nikapewa kitoto cha kike na karatasi yake. Nikakibeba kwa kikapu wazi, njia yote kikiangalia barabara. Hakikurudi popote.

Lakini hakuna mtu alikuwa ameniambia vile paka wa Siam analia! Si miyau. Ni mtoto mchanga kabisa, tena mwenye njaa. Analia asubuhi, analia mchana, anakufuata akilia. Panya waliobaki walisikia hiyo sauti wakahama.

Majirani pia walisikia. Mama Wambui muuza chai akaniletea uji. "Wa mtoto," akasema, ananiangalia kwa jicho moja. Sikuelewa. Uji nikanywa mimi.

Habari zikapanda lori mpaka Njoro.

Siku ya nne Rasoa akafika, Jerida mgongoni, vumbi mpaka kwa nyusi. Hakunisalimia.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Nimesikia mtoto wake analia kwa kitanda changu."

Kitoto kikalia huko ndani. Rasoa akanipita kama upepo. Halafu, "Baba Jerida! Huyu ni paka ama ni mzungu?"

Sikucheka. Nilikuwa naogopa. Akapita pembe kwa pembe, akagusa simiti, akainua magunia, akainama chini ya kitanda. Hakupata mavi, hakupata sumu.

Akafungua leso, akamteremsha Jerida. Akamweka chini, kwa sakafu.

Wakuu, funzo ni fupi. Mwenye kuuza kitu chenye uhai akikupa haraka bila kukuuliza kitu, anataka kukiondoa kwake. Mwenye kukusumbua ndiye anakipenda. Muuzaji akitaka kuona kwako, mfungulie mlango, na wewe uangalie pamoja naye. Utashangaa ni nini ulikuwa umeweka chini ya kitanda.

Wenye paka semeni, mliulizwa nini? Na wenye kusema mzee anaringa, ni kweli. Andikeni pia.